Bahari Isiyo na Kiingilio



Mombasa ni kisiwa. Hilo kila mtoto wa shule analijua hata kabla hajajua kuandika jina lake sawasawa. Lakini hebu waulize watoto wa Majengo, wa Bondeni, wa Mwembe Tayari, ni lini mara ya mwisho walikaa kitako mbele ya bahari wakaitazama mpaka wenyewe wakachoka. Wengi watakwambia siku ya Idd. Mwingine atasema siku tuliyopanda feri kwenda kwa nyanya Ukunda. Mtoto amezaliwa kisiwani, amelelewa kisiwani, na bahari anaiona dirishani mwa matatu, inapita mbio chini ya daraja la Nyali, kabla hajaulizia kitu ameshafika Kongowea.

Kwa hiyo jioni hii nataka tuzungumze juu ya pahali pamoja tu, bustani ya Mama Ngina, ile ya ukingoni mwa bahari. Si kwamba ni pahali pageni. La hasha. Nataka tupazungumzie kwa sababu tumepazoea mno, na kitu cha bure ukikizoea unaweza kukipoteza usijue kimekwenda saa ngapi.

Kwa anayetusikiliza kutoka mbali, Tanga au Bujumbura au Maskati, nieleze kidogo. Ukiitazama ramani ya kisiwa chetu, upande wa kusini kuna ukingo mrefu wa mwamba wa matumbawe. Unaanzia karibu na kivuko cha Likoni, unakwenda mashariki mpaka kwenye mnara wa taa. Chini ya ukingo huo ndio mlango wa bandari: meli kubwa yoyote inayoingia au kutoka Kilindini haina njia nyingine, lazima ipite hapo mbele. Barabara ya juu ya mwamba zamani ikiitwa Azania Drive, kwa lile jina ambalo Wagiriki wa kale waliipa pwani hii ya Afrika. Baadaye ikapewa jina la Mama Ngina, mkewe Jomo Kenyatta, rais wetu wa kwanza. Lakini wenyeji wengine, hasa wazee, ukiwaambia Mama Ngina watakuitikia kwa adabu, kisha wenyewe kwa wenyewe waseme Lighthouse.

Palivyokuwa zamani wengi mnapakumbuka. Palikuwa na vumbi, mibuyu, mwamba uliomomonyoka, na magari yaliyoegeshwa mkao wa kutazama maji. Jioni palikuwa pazuri kushinda pahali popote mjini. Jua likishazama, mtu aliyekuja na mkewe na watoto alianza kutazama nyuma yake, halafu akasema jamani, twendeni. Hakuna taa, hakuna choo, na vijana waliokaa gizani hujui wamekaa kwa heri au kwa shari.

Mwaka 2019 serikali ya kitaifa ikapafanyia ukarabati mkubwa, ekari 26, kwa gharama ya kiasi cha shilingi milioni 460, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za Mashujaa zikafanyiwa papo hapo, Rais Uhuru Kenyatta akiwa ndiye mfunguzi. Kabla ya hapo manung'uniko yalikuwa mengi. Mji ambao umeona viwanja vya kuchezea mpira vikiota maghorofa hauaminishwi kwa mabati ya mkandarasi. Mabati yalipozungushwa pale ukingoni, watu walijiuliza waziwazi: mara hii ni nani anayenyakua? Na ile mibuyu, je? Mibuyu ile ina umri mkubwa kuliko serikali zote zilizowahi kukaa hapa, na kuna wanaoiheshimu kwa sababu ambazo mhandisi hawezi kuzichora.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mabati yaliondolewa na bustani ikabaki bustani. Njia za miguu zikasakafiwa, ukingo ukawekewa uzio, yakaja mabenchi, taa, vibanda vya wauzaji, pahali pa wazi pa kukaa kwa ngazi-ngazi. Mzee anayetembelea kiti cha magurudumu leo anasukumwa na mjukuu wake kutoka mwanzo hadi mwisho bila ya kunyanyuliwa. Wakati wa mashimo na vumbi mzee huyo alikuwa anabaki garini.

Hayo ya zege yanatosha. Twende kwenye chakula, maana tusidanganyane: nusu ya watu hawaendi Mama Ngina kwa sababu ya bahari, wanakwenda kwa sababu ya muhogo, na bahari wanaikuta.

Kama hujawahi kusimama ukamtazama mama wa kachiri akifanya kazi yake, umekosa. Amekaa kwenye kigoda, karai mbele yake juu ya makaa, mafuta yamekwisha iva. Pembeni ndoo ya maji, ndani yake muhogo ulioambuliwa maganda, mweupe. Anachukua mmoja, anaupangusa kwa kitambaa, anaushika juu ya ubao wenye wembe, na mkono unaanza kwenda na kurudi. Haangalii mkono. Anaangalia wateja. Vipande vyembamba, unaweza kusomea gazeti kwa nyuma yake, vinadondoka moja kwa moja ndani ya karai, na mafuta yanapiga kelele. Sasa sikiliza vizuri, maana hapo ndipo penye ufundi. Kelele inakuwa kubwa, kubwa, halafu inaanza kupungua. Ikishapungua ni kwamba maji ya muhogo yamekwisha, imebaki kukauka tu. Hahitaji saa wala hageuzi-geuzi kila mara. Anasikiliza. Sauti ikifika pale anapopataka, anaopoa kwa kijiko cha matundu, anakung'uta mara mbili, anamwaga kwenye karatasi. Chumvi, pilipili ya unga, na kipande cha ndimu anakamulia juu.

"Nikutilie pilipili, mwanangu?"

"Nitilie, mama. Lakini hii ya mtoto isiwe kali."

"Ya mtoto naipitisha karibu na pilipili tu, isalimiane nayo."

Mtoto anacheka, mzazi anatoa hamsini, foleni inasogea. Kachiri siku hizi unapewa ndani ya karatasi, na hilo tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini Agosti 2017. Karatasi inanyonya mafuta, inalegea, na ukichelewa kula unaziokota chini. Basi kula haraka, ndiyo dawa.

Kuna na muhogo wa kuchoma, unapasuliwa katikati ungali moto, ukapakwa pilipili na ndimu. Huu ndio muhogo wa familia zetu za Kihindi. Miaka nenda miaka rudi, Jumapili jioni, babu mbele, bibi nyuma, wajukuu wamebanana, gari limeelekezwa baharini, na muhogo unaletwa mpaka dirishani. Wapo waliohamia Leicester na Toronto ambao wakirudi Mombasa kutembea, kabla ya kwenda kuona nyumba waliyozaliwa, wanataka kwanza kupelekwa Lighthouse wakale muhogo garini. Na viazi karai je, na ukwaju wake? Na mabuyu mekundu yanayoacha ulimi wa mtoto umepakwa rangi mpaka kesho? Na achari ya embe? Na madafu? Nikiendelea hapa mtazima redio mwende, na mimi nataka mnisikilize kwanza.

Kwa hiyo umepata kachiri zako, umepata benchi. Unatazama nini?

Unatazama meli. Na hapa ndipo bustani hii inapoziacha nyuma bustani nyingi za miji mikubwa nilizopata kuziona. Kwingine bahari iko mbali, meli ni alama nyeusi upeoni. Mama Ngina meli inakupitia mbele ya uso. Mlango wa bandari ni mwembamba, na kina kirefu kinakwenda karibu na mwamba, hivyo meli ya makontena ikiingia unaweza kusoma jina lake bila ya darubini, na mabaharia ukiwapungia mkono baadhi yao hukupungia.

Jioni moja nilikuwa na mtoto wa dada yangu, ana miaka saba, mdomo wake haupumziki. Ikaja moja ya zile meli za magari, zile ambazo hazina umbo la meli, ghorofa refu lisilo na madirisha limeng'oka huko lilikokuwa na kuamua kusafiri. Akanyamaza. Kwake kunyamaza ni tukio. Ilipotufikia akaniuliza, "Mjomba, humo ndani mna watu wangapi?"

Nikamwambia hawazidi sana ishirini, au ishirini na tano.

"Mia mbili?"

"Ishirini."

Akaitazama tena, akanitazama mimi, nikaona wazi kwamba heshima yangu imeshuka. Meli kubwa vile, watu wachache kuliko darasa lake? Lakini ndivyo ilivyo. Meli za siku hizi zinabeba maelfu ya magari kutoka Japani, na wanaoziendesha wanaweza kuingia ndani ya matatu mbili wakaenea. Nikamweleza kwamba nahodha mwenyewe, mjuzi wa bahari zote, hapa hajiamini peke yake: rubani wa bandari ya Mombasa hupelekwa kwa boti mpaka nje, hupanda melini, na yeye ndiye anayeelekeza namna ya kupita kati ya miamba. Kisha huja tagi, zile boti fupi zenye nguvu, kuisukuma na kuivuta meli mpaka gatini. Na upande ule wa kulia, iangalie feri: imesimama, watu wamejaa pomoni, inaingoja meli ipite kwanza.

Watu wanaovuka kivuko cha Likoni wanakadiriwa kufika laki tatu kwa siku. Mwenda kwa miguu halipi. Meli ikipita, hao wote wanasubiri, wa kazini na wa sokoni na wa msibani. Ukiwa upande wa kuvuka, meli ni udhia. Ukiwa umekaa juu benchini na karatasi ya kachiri mkononi, ni tamasha. Ni meli ileile.

Na shehena iliyomo si ya Mombasa peke yetu. Kuna mtu Kampala anangoja gari lake, kuna mfanyabiashara Kigali anangoja vigae, kuna mtu Goma anangoja kontena la nguo. Mwalimu wa jiografia angeweza kufundisha muhula mzima kutoka benchi moja la Mama Ngina. Nimeona shule zikileta watoto na mabasi, wakishuka wanapangwa mistari, wanapigwa picha, wanapewa soda, wanarudishwa basini. Walimu wangu, nawaomba: waacheni wakae. Ngojeni meli moja. Ikiwa hakuna meli, kuna kujaa na kupwa. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka hadi karibu mita nne, hicho karibu ni kimo cha nyumba isiyo ya ghorofa. Mtoto akionyeshwa mwamba uliokuwa wazi saa tisa, akaonyeshwa tena saa kumi na mbili umefunikwa, hahitaji kukaririshwa habari ya mwezi na mvutano wake. Atauliza mwenyewe.

Lakini msikilizaji, bahari ya pale ni ya kutazamwa, si ya kuogelea. Hilo nalisema bila ya kulizungushia maneno. Mwamba ni mkali, chini kuna kina, mkondo wa mlangoni una nguvu, na wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi karibu Septemba, mawimbi yanakuja moja kwa moja kupiga ukingoni. Utawaona vijana wameruka uzio, wamekaa kwenye ncha ya jabali kwa ajili ya picha. Kijana mwenye akili zake tumwachie akili zake. Mtoto mdogo asifundishwe kwamba uzio ni wa kukwea. Anayetaka maji ya kuchezea ampeleke mwanawe Pirates, ufuo wa umma kule Bamburi, maji yamepwa, mchanga umetandazika, na macho ya mzazi yasiwe kwenye simu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa limenileta mbele ya maikrofoni jioni hii. Kivuli.

Mibuyu ndiyo fahari ya bustani ile. Kila anayepiga picha anaupiga mbuyu. Lakini mwenyeji wa pwani anaujua mbuyu: sehemu kubwa ya kiangazi hauna majani. Kwenye ile kaskazi ya Januari na Februari, jua linachoma mpaka sakafu inatoa mvuke, mbuyu umesimama mtupu na matawi yake, na kivuli chake kinamtosha mtu mmoja mwembamba. Mti wa heshima, ndiyo. Mti wa kumkalisha mama na mtoto mchanga saa nane za mchana, hapana. Na ukarabati ulileta zege nyingi, na zege hunywa jua kutwa nzima halafu usiku inakurudishia.

Matokeo yake ni kwamba bustani ya ekari 26 inatumika kwa saa tatu au nne tu kwa siku. Asubuhi wapo wa mazoezi, wanakimbia wakitweta. Kuanzia saa nne mpaka saa tisa na nusu, labda wapenzi wawili na mwavuli. Saa kumi watu wanafumka, saa kumi na moja huna pa kukaa. Wasimamizi wakiulizwa watasema bustani ina watu wengi. Ni kweli, ina watu wengi kwa muda mfupi, na wale wanaohitaji kivuli zaidi kuliko wengine, wazee, wajawazito, walezi wa watoto wadogo, ndio wanaopangiwa saa na jua.

Dawa yake iko, na si ya milioni mia nne. Miji yetu ya pwani ilikwisha chagua miti yake zamani: mkungu na mwarobaini. Mkungu unatandaza matawi yake kwa tabaka, majani mapana, na unastahimili upepo wa chumvi. Mwarobaini unavumilia ukame, na chini yake ndipo walipokaa wacheza bao wa Mombasa tangu zamani. Hakuna baraza ya wazee katika mji huu iliyohitaji mshauri kutoka ng'ambo kujua pa kuweka kiti. Walifuata kivuli cha mwarobaini kadiri kinavyozunguka. Kupanda miti mia moja ya aina hizo nyuma ya njia ya miguu, mahali ambapo haizuii macho kuona bahari, ni kazi ya msimu mmoja wa mvua, na kumwagilia ni kazi ya miaka miwili. Baada ya hapo mti unajitegemea.

Wapo watakaosema, wewe mtu wa redio, umepewa bustani, umepewa taa, sasa unataka na miti. Naam, nataka. Kwa sababu wenye pesa wa mji huu hawaihitaji Mama Ngina. Wana baraza zinazotazama bahari Nyali, wana hoteli, wana klabu. Aliye na chumba kimoja Majengo, watoto wanne, mabati juu ya vichwa, huyo akitaka upepo wa bahari ana sehemu ngapi? Hesabu. Kando ya Fort Jesus kidogo. Pirates, lakini huko lazima uwe na nauli ya kichwa kwa kichwa. Na Mama Ngina, ambako matatu ya Ferry inakushusha na ukingo uko umbali wa kutembea kwa miguu.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hiyo ule mchanga wa maji, kisheria, ni wako na ni wangu, wa mvuvi na wa mwanafunzi. Nenda basi ukaufuate. Tembea barabara ya kutoka Nyali mpaka Shanzu, kilomita nenda kilomita rudi, mkono wa kulia ni ukuta, lango, ukuta, lango, askari, ukuta. Njia ya kushukia ufuoni ukiipata imebanwa kati ya kuta mbili, hata wawili wakikutana mmoja ageuke ubavu. Mchanga ni wako lakini mlango una mwenyewe. Hiyo ndiyo hali ya pwani, na ndiyo sababu kila hatua ya ukingo wa bahari iliyobaki wazi ndani ya mji ina thamani kubwa kuliko bei yoyote ya kiwanja.

Wenzetu Unguja wana Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa katika miaka ya 1930 kwa jubilii ya Sultani Khalifa bin Harub, na ikafanyiwa ukarabati na shirika la Aga Khan la utamaduni, ikafunguliwa upya mwaka 2009. Ni nzuri, hakuna ubishi. Urojo wake mimi nausafiria. Vijana wa makachu wanakimbia na kujitupa baharini kwa mapambo ya kila aina, watoto wa Mji Mkongwe wanacheza mpaka isha. Lakini usiku ukiingia, meza za mishikaki na pweza zinazungumza na watalii kwanza, na bei zinajua lugha za kigeni. Siwalaumu, utalii ndio chakula chao. Ninachosema ni kwamba Mama Ngina ina bahati ambayo hatujaiona kuwa ni bahati: mtalii wa pale mara nyingi ni Mkenya mwenzetu, ameshuka kwenye treni ya SGR kutoka Nairobi mwezi wa Disemba, hajawahi kuona maji mengi namna ile, na anakula kachiri kwa bei unayokula wewe. Mama wa kachiri hajaweka bei mbili. Ikitokea siku vibanda vikapandishiwa kodi mpaka akashindwa, akaja badala yake mwenye mashine ya kahawa, sura ya pale itakuwa nzuri zaidi kwenye picha, na familia ya Majengo itaacha kuja. Haitafukuzwa na mtu. Itahesabu tu.

Kwa anayepanga kwenda, machache. Nenda siku ya kazi ukiweza, Jumapili pana msongamano na tuktuk hazigeuki. Fika saa kumi na robo. Anzia upande wa mnara wa taa ukitaka nafasi ya watoto kukimbia, upande wa kivuko ukitaka meli na feri. Beba maji ya kunywa kutoka nyumbani, beba na mkeka, usitegemee benchi. Mvishe mtoto kofia. Magharibi ikikaribia geukeni kulia, jua linazama nyuma ya Likoni na Kilindini na kreni za bandari zinabaki nyeusi. Hilo halina malipo. Takataka zako rudi nazo mpaka kwenye pipa, maana upepo wa pale haumwombi mtu ruhusa, karatasi yako ya saa kumi na moja ikifika saa kumi na mbili iko baharini. Na usiku ukiondoka, mshike mtoto mkono kwenye mzunguko wa kivukoni. Matatu za pale zina haraka ya ajabu.

Na siku serikali ya kaunti itakapotangaza mkutano wa maoni ya umma kuhusu bajeti, wengi wetu hatuendi, tunasema wameshaamua. Mwaka huu twende. Si lazima mtu awe msemaji. Simama, taja jina la wadi yako, useme mambo matatu: miti ya kivuli Mama Ngina, vyoo vilivyo safi na wazi tangu asubuhi hadi usiku, na kodi ya kibanda ambayo mama wa karai anaiweza. Halafu uombe yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na usiondoke kabla hujaona yameandikwa.